Utani Uliokatwa Katikati

Jaji mstaafu Yeremia Lemanya alikuwa na tonge mkononi, mlenda unaning'inia kama uzi wa fundi mlevi, pale sauti ilipoita koridoni, "Kooorti!" na yeye akajikuta amesimama.

Hakuamua kusimama. Magoti ndiyo yaliyoamua, bila kumshirikisha. Hilo lilimuudhi kabla hata halijamtisha, kwa sababu miaka yake yote ya ujaji neno hilo liliwasimamisha wengine. Yeye ndiye aliyekuwa anaingia. Mawakili wenye vitambi, wezi wa kuku, wajane, askari, wote waliumuka kama unga uliotiwa hamira, naye akapita zake na joho jeusi bila kumtazama mtu. Leo kasimama yeye, nyumbani kwake, mchana kweupe, na ugali mkononi.

Upande wa pili wa meza mwanaye Doris naye alikuwa wima, glasi ya maji imeganda nusu ya safari. Jikoni sufuria ilianguka, maana yake Joha mpishi naye kasimama. Dirishani alionekana Samson, msimamizi wa shamba, ambaye saa hizo huwa amelala juu ya magunia ya mahindi kama gunia mwenzao. Alikuwa wima, mikono ubavuni, macho bado yamefumba. Miguuni pake kuku wote walikuwa wamenyoosha shingo, na mbwa wa nyumba, aliyepewa jina la Rufaa, alikuwa amesimama kwa miguu ya nyuma tu, anatetemeka kama mzee kwenye foleni ya pensheni.

Halafu ikaja harufu. Samadi mbichi ya ng'ombe, na ndani yake dawa ya nondo, vile vidonge vyeupe vinavyowekwa kabatini kati ya nguo za thamani. Jaji hakufuga ng'ombe. Sebuleni kiti chake cha ngozi kililia nyiii, kama kinavyolia kikikaliwa na mtu mzito, na hapo magoti yao yakaachiliwa, wote wakadondoka vitini.

"Baba," Doris akanong'ona, "nani amekaa sebuleni?"

Jaji akasema ni upepo. Nje hata jani la mpapai halikutikisika.

Ili ieleweke kwa nini mtu mzima alidanganya mbele ya mlenda wake, lazima ajulikane kwanza. Yeremia, Mkaguru, alizaliwa Mamboya, kule mlimani, akasoma kwa viboko na sala, akawa wakili Morogoro. Alikuwa wakili mzuri mno. Mteja aliyeshinda kesi alimlipa kwa kipande cha shamba, na aliyeshindwa alimuuzia chake kwa bei ya huzuni. Alipoteuliwa kuwa jaji alikuwa tayari anamiliki ardhi kubwa kandokando ya barabara itokayo Kilosa kwenda Mikumi, na alipostaafu uzio wake ulikuwa umeshuka mpaka karibu na mto. Tembo wa hifadhini wakipita usiku kula mahindi, watu walisema hao ndio majirani pekee ambao Jaji hajawahi kuwashtaki, na ni kwa sababu tu hawana anwani.

Kitu kimoja hakukiweza maishani: kuchekwa. Angeweza kuchukiwa, alizoea. Angeweza kulaaniwa, aliona ni sehemu ya kazi. Lakini kicheko kilimwingia masikioni kama mchwa.

Sasa, mwaka uliopita alifiwa na mkewe, Agatha. Na bondeni, chini kidogo ya uzio wake, alikuwa akiishi mfugaji mmoja Msukuma, jina lake Shilinde, mtu wa kiwiliwili cha kabati na sauti ya ngoma. Msukuma na Mkaguru wa pale ni watani tangu enzi za mababu waliokuwa wakipita na mizigo kichwani. Msibani mtani si mgeni, ana kazi yake. Huvaa nguo za mfiwa, huiga mwendo wake, huzuia jeneza, hutukana, hudai. Mfiwa akicheka, akitoa chochote, hata kuku, basi mchezo umefungwa. Mtani huvua zile nguo, halafu ndipo naye hukaa chini na kulia kama wengine.

Shilinde alifanya kazi yake. Aliingia chumbani, akafungua kabati, akatoka na joho la Jaji na wigi lake, linanuka dawa ya nondo. Akapita katikati ya waombolezaji kwa hatua za bata aliyeshiba, akakohoa mara tatu kama Jaji anavyokohoa, akashusha miwani ambayo hakuwa nayo, akatangaza kwamba marehemu hakupelekewa wito kwa mujibu wa sheria, hivyo maziko yanaahirishwa hadi atakapofika mwenyewe kujieleza. Watu walivunjika mbavu. Dada wa marehemu alicheka hadi kitenge kikamvuka. Doris, macho yamevimba kwa kulia, alicheka, kisha akaona uso wa baba yake, akanyamaza.

Kuku mmoja tu angetosha. Jaji alimkonyeza Samson.

Samson alimkunja Shilinde mikono nyuma, na Shilinde, masikini, alidhani ni sehemu ya mchezo. Aliendelea kutembea kwa ule mwendo wa bata mpaka kwenye gari, na ndani ya gari aliendelea kuahirisha mambo. Akashtakiwa kwa kuiba joho na kumtusi mtu wa heshima msibani. Joha alitoa ushahidi kwamba hakuna aliyecheka. Shilinde akafungwa, ng'ombe wakatawanyika, wengine wakafa, na uzio wa Jaji ukashuka bondeni kimya kimya. Alipotoka alikuwa anakohoa damu. Alitembea kufuata reli mpaka Kidete kwa ndugu zake, akafia huko. Waliomuuguza walisema siku zake za mwisho hakuongea kwa sauti yake. Aliongea kwa sauti ya Jaji.

Hayo yote Jaji aliyajua, na joho lilikuwa limerudishwa kabatini, limepigwa pasi. Ndiyo maana alisema upepo.

Majini mengine huja usiku na kurusha mawe juu ya mabati. Hili lilifuata saa za serikali. Kesho yake jua lilipofika utosini, "Kooorti!" ikaitwa tena, watu wakasimama na vijiko vyao, na safari hii kile kiti cha ngozi kilikohoa. Mara tatu. Doris alimgeukia baba yake kwa sababu alijua ni yeye aliyekohoa, lakini mdomo wa baba yake ulikuwa umejaa wali.

Mshtakiwa wa kwanza alikuwa Rufaa. Sauti iliyotoka sebuleni ilikuwa ya Jaji mwenyewe, ile ya zamani, iliyopakwa mafuta, na ilimtuhumu mbwa kwa kumbwekea mtu aliyeingia nyumba ya msiba kihalali. Ikamuuliza kama ana la kusema. Mbwa akafungua kinywa, hakikutoka kitu. Tangu saa hiyo Rufaa alibweka kwa mdomo tu, kichwa kinaruka, mate yanaruka, na kimya kama samaki.

Siku iliyofuata aliitwa Samson. Kosa lake lilisomwa polepole, kwa starehe, kama mtu anayesoma orodha ya vyakula. Mikono yake ikarudi nyuma yenyewe, kiganja juu ya kiganja, ikabana, na hapakuwa na mtu wala dawa ya kuchua iliyoweza kuifungua. Mkewe alimlisha kwa kijiko na kumfukuzia nzi. Nzi walijua hali yake, wakawa wanamwendea puani kwa zamu.

Akafuata Joha. Yeye alilia kabla hajaitwa. Alipoulizwa kama siku ya msiba watu walicheka au hawakucheka, alijibu, "Ndiyo mheshimiwa," na baada ya hapo ulimi wake haukujua neno jingine. Ukimuuliza chumvi iko wapi, ndiyo mheshimiwa. Akiungua mkono, ndiyo mheshimiwa. Jaji, ambaye aliwahi kulalamika kwamba mpishi huyo ana domo, alikaa mezani akimsikiliza analia kwa maneno hayo mawili, na kwa mara ya kwanza chakula kikamshinda.

Aliitwa mchungaji kutoka Mamboya. Alikuja na Biblia kubwa na sauti kubwa zaidi, akaamuru kila kisicho cha Mungu kiondoke. "Kooorti!" ikaitwa, akasimama kama wengine. Kiti kikamuuliza kwa adabu anamwakilisha nani katika shauri hili: mwenye nyumba, au mtu aliyefungwa kwa sababu ya kuku asiyetolewa. Mchungaji akafunga Biblia yake, akasema hawezi kusema uongo. Akapanda bodaboda yake.

Alipoondoka tu, sauti ikaendelea kana kwamba inafunga faili la siku. "Kesho, Doris binti Yeremia. Alicheka, kisha akaona mtu anachukuliwa, akanyamaza. Adhabu ni pumzi."

Doris alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Kilosa, mtoto pekee, aliyerudi nyumbani baada ya mazishi ili baba yake asile peke yake. Wakati anasikia jina lake alikuwa anavuta hewa ya kuongea, na hewa hiyo haikufika mwisho. Ilikatwa njiani. Tangu hapo alipumua kidogo kidogo, kwa vipimo, kama mtu anayeomba ruhusa, na midomo yake ikaanza kupata rangi ya zambarau iliyooshwa. Jaji alimshika mkono. Alimpenda binti yake, tena sana, kwa namna aliyokuwa akipenda vitu vyake vyote: kwa kuhakikisha hakuna anayevigusa.

Jioni ile ile wakamleta Teresia, mganga wa Mikumi, mama mnene aliyekaa nyuma ya maegesho ya malori, ambako madereva wa masafa marefu humwendea na mambo wasiyotaka wake zao wayajue. Hakuja na kibuyu wala usinga. Alizunguka nyumba mara moja, akanusa kile kiti, akamnusa Jaji, akaketi kizingitini.

"Mimi natoa vilivyokuja bila kualikwa," alisema. "Hiki kilivalishwa, kikapewa sauti, kikaachwa kimesimama. Jini halina kazi yake lenyewe, mzee wangu. Huokota ile iliyoachwa katikati. Nani alikatwa mchezo nyumba hii?"

Doris ndiye aliyesema, kwa vipande, neno moja, pumzi, neno moja, pumzi.

Teresia akaeleza kwamba dawa yake ni nyepesi kuliko Panadol na chungu kuliko shubiri. Aitwe ndugu wa Shilinde, avae lile joho, amalizie pale kaka yake alipokatwa. Watu wawepo, wale wale. Mwenye nyumba akae kama mfiwa, asemwe, aigizwe, adaiwe, atoe, acheke. Kicheko cha kweli. Cha meno ya mbele tu jini hukijua.

"Mbele ya watu?" Jaji aliuliza kwa sauti ndogo.

"Mbele ya nani tena? Utani wa chumbani ni ugomvi."

Doris hakumwomba. Alimtazama tu, kifua kikipanda nusu na kushuka nusu, na Jaji akasema sawa, kama mtu anayekubali kung'olewa jino.

Ngolo, mdogo wake Shilinde, alifika kesho yake asubuhi akitokea upande wa Kidete, mwembamba, mpole, shuka begani na fimbo mkononi. Hakuwa mchekeshaji. Katika familia ile kicheko chote alipewa kaka. Alivua kofia getini.

"Shikamoo, mtani."

"Marahaba."

"Sikuja kwa ajili yako. Kaka yangu amechoka kuwa wewe."

Alisema masharti yake bila kupandisha sauti. Siku ile kuku angetosha. Sasa ni kuku na bonde. Jaji akaitikia kwa kichwa, kichwa ambacho, kama mtu angekitazama vizuri, tayari kilikuwa kinatafuta kifungu cha sheria.

Majirani walijaa uani kabla jua halijapanda: waliomcheka siku ile, waliokaa kimya siku ile, na wengine waliokuja kwa sababu tu habari ya Jaji kuchekwa ilifika hadi sokoni Kilosa. Jaji alikalishwa kwenye kigoda katikati ya ua, magoti yakifika karibu na masikio. Doris aliegemezwa kwa Teresia. Joho likatolewa, Ngolo akalivaa, likamning'inia kama hema juu ya mti wa ufagio, na watoto wakaanza kucheka mapema.

Wakaacha kucheka pale joho lilipoanza kujaa. Lilianza mabegani, likapanuka kama ngozi ya ng'ombe inayopulizwa na mchinjaji, kisha kifua, kisha tumbo, mpaka ndani ya nguo ile akawa amesimama mtu wa kiwiliwili cha kabati, huku juu yake, kwenye kola, uso mwembamba wa Ngolo umefumba macho na umelala usingizi. Harufu ya samadi ikashuka uani, nzito, yenye joto, na mdomo wa Ngolo, peke yake, bila uso kuamka, ukafunguka na kuita, "Kooorti!" na ua mzima, wazee na watoto, mama aliyekuwa ananyonyesha, bodaboda aliyekuwa juu ya pikipiki, kila mtu akasimama wima chini ya jua lile bila kivuli hata cha kidole.

Lile joho likatembea. Mwendo wa bata aliyeshiba. Likakohoa mara tatu.

"Mshtakiwa," likasema kwa sauti ya Jaji, "mkeo alipokuwa anashushwa kaburini, ulikuwa unafanya nini?"

"Nilikuwa naomboleza."

"Jicho la kulia lilikuwa linaomboleza. La kushoto lilikuwa linapima bonde la jirani. Mahakama ilikuona. Mzee mmoja, shughuli mbili, jicho moja moja."

Mtu mmoja alicheka nyuma. Halafu wawili. Lilikuwa kweli, hilo ndilo lililochekesha. Wote walimwona siku ile akigeuza shingo kuelekea bondeni, wakadhani ni uchungu. Joho likaendelea kumuuliza lini alimwita Agatha kwa jina, maana kwenye ibada alimtaja kama "marehemu tajwa hapo juu," na likamwigiza akipokea mikono ya pole huku akiangalia kama waliompa wana udongo wa mfinyanzi au wa kichanga, na ua mzima sasa ulikuwa unayumba, wanawake wameshikana mabega, machozi yanawatoka, hata Samson, mikono nyuma, anachekea tumboni, hata Joha analia kwa kicheko, ndiyo mheshimiwa, ndiyo mheshimiwa.

"Sasa cheka wewe," likasema joho, karibu kwa upole. "Cheka, toa bonde, na binti yako apumue."

Jaji alijaribu. Haki yake apewe. Alivuta midomo pembeni, na meno yakaonekana, ya juu na ya chini, kama ya punda anayekaguliwa mnadani. Doris alikuwa amefika mahali ambapo pumzi huingia kwa sauti ya mluzi na hairudi, vidole vyake vimeushika mkono wa Teresia mpaka kucha zikazama, na alipotazama baba yake midomo ile ya zambarau ilitengeneza neno moja lisilo na sauti. Cheka. Na Jaji akalitazama neno lile, kisha akawatazama wale watu, vinywa vyao vimefunguka, magego yao yenye mashimo, ndimi zao, watu aliowahi kuwasimamisha kwa neno moja leo wanamcheka na ugoko wake uko nje, na kitu ndani yake, kile kile kilichomkonyeza Samson, kikasimama na kurekebisha kola.

"Pingamizi," akasema.



Akainuka kutoka kwenye kigoda, na kadiri alivyosema ndivyo mgongo ulivyonyooka na sauti ilivyorudi ile ya zamani, iliyopakwa mafuta, maana hapa alikuwa nyumbani kweli, hapa hapakuwa na mtu wa kumcheka: akasema kwamba kwanza, lile bonde si lake, kwa sababu yeye tayari alikuwa na ardhi nyingi mno kwa jina lake na hivyo alilisajili kwa jina la Doris, na hati ipo, kwamba pili, kwa mila ya Wakaguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mke huzikwa na ukoo wake, kwa hiyo siku ile mfiwa hakuwa yeye, yeye alikuwa mkwe tu aliyekuja kuzika, mfiwa alikuwa Doris, na mtani anadai kwa mfiwa, kwamba tatu, aliyemshtaki Shilinde ni Jamhuri na si Yeremia Lemanya, wala mikono iliyomkamata haikuwa yake, na kwamba kwa sababu hizo zote, mali si yake, msiba si wake, mashtaka si yake, ameletwa kwenye kigoda hiki kimakosa, na anaiomba mahakama imwache aende na imwite mhusika halisi, ambaye yuko hapa, aliyeegemea kwa yule mama.

Na akanyoosha kidole.

Hakuna aliyepumua, ila kwa wengine ilikuwa hiari. Doris alikifuata kile kidole kwa macho, kutoka kwenye kucha hadi kwenye bega hadi kwenye uso wa baba yake. Jaji aliuona uso wake, akauweka upande wa gharama.

Joho likakohoa mara tatu. Kisha likasema, na safari hii sauti ya Jaji ilikuwa na tabasamu ndani, "Hoja ni nzuri. Mahakama inaikubali yote. Doris, bonde ni lako, msiba ni wako. Una la kusema?"

Doris hakuwa na pumzi ya kusema. Alimtazama mzee yule aliyekuwa anajipangusa vumbi la kigoda kwenye suruali, mwenye furaha kidogo, furaha ya mtu aliyeshinda kesi. Mabega yake yakaanza kutikisika. Teresia alidhani ndiyo mwisho. Lakini kilichotoka kilikuwa kicheko, kimeanzia chini mno, kwanza kikavu bila hewa, halafu hewa ikakifuata ikiingia kwa kelele kama maji kwenye bomba lililokuwa limeziba, na Doris akacheka akiwa ameshika magoti, akacheka hadi akakaa chini, akilia.

"Chukueni bonde," akasema kwa sauti kamili. "Na kuku. Chukueni kuku wote, Ngolo."

Watu wakapiga vigelegele. Mchezo ulikuwa umefungwa.

"Na huyu?" mtu akauliza, akimwonyesha Jaji.

"Huyu amejieleza mwenyewe," joho likajibu. "Si mwenye mali, si mfiwa, si mlalamikaji, si mshtakiwa. Hana shauri hapa. Aondolewe."

Joho likanywea. Ngolo akaamka ndani yake akipiga chafya, akalivua, akakaa chini na kumlilia kaka yake, kwa sauti, kama inavyotakiwa. Rufaa akabweka. Mikono ya Samson ikaachia, akajikuna pua kwa hamu iliyowatia watu aibu. Joha akafungua kinywa na la kwanza kutoka lilikuwa tusi kwa watoto waliokanyaga bustani yake ya mchicha.

Jaji alingoja apewe mkono. Akamwambia Samson kwamba wameshinda. Samson akampita, macho yakiwa kwenye sinia la pilau. Akaenda kwa Doris, akamweleza kwa subira kwamba ilikuwa mbinu, kwamba angekata rufaa mara moja, kwamba asingemwacha. Doris alikuwa anatazama pale aliposimama Jaji na kuona ukuta.

Akaingia ndani haraka, akakaa kwenye kiti chake cha ngozi, akashika mikono miwili ya kiti. Watu wakaingia kula. Doris akamkaribisha Ngolo kiti kizuri, na Ngolo akakaa. Jaji alisikia uzito wote ukimshukia mapajani, na joto, na harufu ya moshi wa kuni kwenye shuka, na kiti hakikulia hata kidogo. Ngolo, akipokea chai, aliuliza kwa adabu baba wa nyumba yuko wapi, amshukuru. Doris akafikiri kidogo, kijiko cha sukari hewani.

"Sijui," akasema. "Nimelelewa na mama."

Jaji alipiga kelele. Alitaja vyeo vyake vyote, mwaka wa kuteuliwa, namba za viwanja. Walipitishiana chumvi. Alipiga ngumi mezani, na chai haikutikisika kwenye vikombe. Basi, akiwa hana kingine alichobakiwa nacho, mzee yule alianza kucheka. Safari hii kilikuja chenyewe, kirefu, cha kweli kabisa, kutoka chini, na hakikuwa na breki.

Mezani vijiko vilisimama.

"Mmesikia?" Doris akanong'ona, akishika shingo yake.

"Nimesikia," Joha akasema. "Kama mtu anacheka. Humu humu."

Teresia alinusa hewa, akatazama kile kiti bila kukitazama. "Limebaki jini moja," akasema. "Dogo. Halina nguvu, lina sauti tu. Hili halikualikwa na mtu. Leteni ubani."

Doris alikibeba chetezo mwenyewe. Hakutaka mgeni apate taabu. Alianzia sebuleni, akapuliza moshi chini ya kiti, na Jaji akaruka, maana ule moshi ulimuunguza kama upupu. Akarudi nyuma mpaka koridoni, akiita, "Doris, ni mimi, mwanangu, Doris," na yeye akamfuata hatua kwa hatua, uso umetulia, akifukiza kila pembe, chumba cha wageni, chumba cha marehemu mama yake, nyuma ya makabati, chini ya vitanda, akisema kwa sauti ya chini aliyoizoea kufukuzia paka, toka, toka, toka, mpaka akamtoa mlangoni, akamvusha ua wenye makombo ya sherehe, ambako Rufaa alisimamisha manyoya na kubweka kwa sauti yake mpya, mpaka getini, mpaka barabarani, ambako lori lililokuwa likielekea Mikumi lilimpita katikati bila kupunguza mwendo.

Doris alimwaga majivu ya chetezo nje ya geti, akasukuma komeo, akarudi ndani kabla chai haijapoa.